Niliandika Jina la Mama Katika Kitabu cha Ba

Ilemela, Mwanza
10 Juni 2024

Mama mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Bhavesh, amesimama nyuma ya kiti changu anatafuna karanga na kusoma kila neno. Nimemwambia akimwaga maganda juu ya karatasi atalala dukani kwenye nyavu. Mgongo wako unaendeleaje? Ndugu yangu Chenge ameshamaliza kuezeka banda la mbuzi, au bado anasubiri mvua imkumbushe? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunacheka, tunapanda na kushuka mawe ya Ilemela mpaka miguu imekuwa ya mbuzi.

Wewe husema simu ni ya kuuliza bei ya dagaa, mambo ya nyumba huandikwa. Basi naandika. Barua nampa Mhoja, karani wa mizigo melini, akukabidhi mkononi.

Mama mdogo, nimeolewa! Najua unajua. Ila bado nalisema neno hilo nikiwa peke yangu jikoni, kwa sauti ndogo, halafu nacheka kama mwehu. Leo ni siku ya kumi na saba. Asubuhi akifunga kamba za viatu namtazama mpaka ananiuliza kama kuna mdudu mgongoni kwake. Hakuna mdudu. Kuna mume.

Bomani kiti chako kilibaki wazi. Rafiki yangu Queen aliweka mkoba wake hapo, nikautoa. Jioni tukaenda kwenye ukumbi wa hekalu lao. Wakawasha moto mdogo katika chombo cha shaba, kuhani akasoma Kisanskriti, lugha ya maandiko yao ya kale, na mimi na Bhavesh, nguo zetu zimefungwa fundo moja, tukauzunguka mara nne. Mzunguko wa kwanza ni wa dharma, yaani kutimiza wajibu na kuishi kwa haki. Wa pili ni wa riziki. Wa tatu ni wa mapenzi, na hapo niliona haya nikatazama chini. Wa nne ni wa moksha, roho kufunguliwa kabisa mwishoni ikapumzike kwa Mungu. Halafu tukapiga hatua saba pamoja, kila hatua na ahadi yake. Ya saba ni ya urafiki! Kati ya ahadi zote, wameweka urafiki mwisho, kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba iliyo imara zaidi. Nililia. Mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Ba, akanifuta kwa ncha ya sari yake.

Misa naendelea kwenda. Bhavesh ananipeleka kwa pikipiki, ananisubiri nje.

Sasa ombi langu, na ni moja tu. Niandike kwenye Biblia ya Bibi. Zile kurasa za mbele, wanapoandikwa waliozaliwa, waliooana na waliotangulia. Mstari wangu una kuzaliwa peke yake. Wewe ndiye unayeitunza sasa. Mtu asipoandikwa pale kwetu ni kama hakuoa wala hakuolewa, unajua.

Mwanao anayeelea juu ya ardhi,
Odeta


Nansio, Ukerewe
2 Julai 2024

Odeta,

Marahaba, wewe na huyo wa karanga. Mgongo upo. Banda halijaezekwa, mbuzi wanalala jikoni kwangu na wananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nimesoma habari za moto. Wewe tangu mdogo ukishika kitu kizuri unakikumbatia mpaka kinavunjika, kwa hiyo nasoma nusu ya unachoandika na nusu naiweka pembeni.

Chenge ameniambia hao wakwe zako wanauza nyavu na kamba za uvuvi, lakini hawali samaki. Samaki! Hawali! Ni kama mlokole aliyefungua kilabu cha pombe. Wewe mtoto wa Ukerewe unakula nini huko?

Swali la pili. Wana miungu wangapi? Nijibu kwa namba, usinipambie.

Biblia ya Bibi iko kwa fundi, anashona jalada.

Mama yako mdogo,
Getruda


Ilemela, Mwanza
15 Julai 2024

Mama mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka habari za mbuzi mpaka Ba akaja kuuliza, nikamsomea, naye akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Anakusalimu. Anasema mbuzi wana haki, ni Chenge ndiye asiye na haki.

Ninakula vizuri. Dengu, viazi, chapati nyembamba kama karatasi, bamia za kila namna. Kuhusu samaki nakiri: Ijumaa naenda kwa Queen, nakula sato mzima mpaka macho. Nilidhani Ba hajui. Juzi alinisogelea, akavuta pumzi, akasema, "Leo kwa Queen walikaanga, hawakuchemsha." Basi! Anasema kutomuumiza kiumbe ni kiapo chake yeye, si kamba ya kumfungia mkwe. Dukani hakanyagi upande wa nyavu. Marehemu mume wake alianza na kamba tu, nyavu zikaja kwa sababu wateja hawakuacha kuuliza, na mpaka leo Ba anamwombea msamaha kila sangara. Bhavesh anasema ni sangara wengi sana.

Namba uliyoitaka: mmoja. Nilimuuliza Ba mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Wajaluo ziwa hili wanaliita Lolwe, Waganda Nalubaale, Wazungu wakaliita jina la malkia wao. Umewahi kuona maziwa matatu?" Anasema hilo limo tangu katika Veda, maandiko yao ya kale kuliko yote, kwamba aliyeko ni mmoja na wenye hekima humwita kwa majina mengi.

Kila asubuhi baada ya kuoga Ba anasoma kitabu cha marehemu mume wake. Kimefungwa kitambaa chekundu, hakiwekwi chini, anayekishika lazima awe ameoga, na siku hizi kazi ya kukibeba kwenda kwenye kibao chake ni yangu! Herufi zake zinaning'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa. Ba hajui maana ya kila neno la Kisanskriti, ila chini kuna maelezo ya Kigujarati, naye ananitafsiria kwa Kiswahili na Kisukuma.

Ninayoipenda ni habari ya shujaa mmoja. Amesimama kati ya majeshi mawili, vita inaanza, anatazama kushoto anaona ndugu zake, anatazama kulia anaona ndugu zake. Mikono inaisha nguvu, anaangusha upinde. Na anayemwendeshea gari la vita ni Mungu mwenyewe! Anamwambia inuka, fanya lililo wajibu wako kwa moyo safi, matunda yake usiyang'ang'anie. Hapo nikamwambia Ba asimamishe kidogo. Nilimwona mtu kati ya ndugu na ndugu, nikajiona.

Fundi amemaliza jalada?

Wako, mke wa mtu (oh!),
Odeta


Nansio
20 Agosti 2024

Odeta,

Marahaba. Nimechelewa, tulikuwa tunavuna mtama kisha mgongo ukavuna malipo yake.

Mwambie Ba nimeikubali hoja ya ziwa. Ziwa ni moja, sawa. Lakini hata mamba anakaa humo humo, achunge anapooga.

Kusoma lugha usiyoielewa si ajabu. Bibi yako aliimba Kilatini miaka arobaini, na siku moja nilimuuliza maana ya wimbo akanipiga kibao, akasema maana anayo anayeimbiwa. Hizo herufi za kuning'inia wanawafundishaje watoto wa darasa la kwanza? Wanaanza na mstari au na herufi? Nauliza kama mwalimu tu, usianze kufurahi.

Huyo shujaa aliyeangusha upinde namwelewa kuliko unavyodhani.

Biblia imerudi. Nimekosa peni nzuri. Za siku hizi zinavuja.

Getruda


Ilemela
2 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Salamu za nyumbani leo fupi kwa sababu nimefanya kosa, na Queen amenicheka, na Bhavesh amenicheka, na wewe najua hutacheka.

Wanaanza na mstari? Hapana, wanaanza na herufi, mstari unawekwa juu mwishoni. Ba amefurahi umeuliza.

Kosa lenyewe ni hili. Kile kitabu cha Ba, ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mweupe kabisa. Kila siku nilipokibeba niliuona. Nikawahurumia, Mama mdogo! Familia yenye heshima hivi, vizazi vitatu Mwanza, na hawajaandikwa popote! Nikasema moyoni, pengine hawana mwenye mwandiko mzuri. Nikaoga, nikachukua peni ya bluu, nikapiga mistari kwa rula. Nikaandika babu yake Bhavesh, alikuja mwaka gani. Nikaandika baba yake, kuzaliwa, kuoa, kufa. Nikaandika mimi na Bhavesh, na pembeni nikachora ua. Halafu nikaandika upande wa bi harusi: Modesta na Alexander, walioana mwaka 2000. Nikakifunga, nikangoja Ba akute zawadi yake.

Asubuhi akakifungua. Akatazama muda mrefu. Akakifunga, siku hiyo hakusoma. Akaenda kupika chapati. Nilimfuata Bhavesh stoo. "Umeandika wapi?" Nikamwambia. "Kwa penseli?" Kwa peni. "Na siku aliyokufa baba?" Na siku aliyokufa baba. Akakaa juu ya gunia la boya akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba kwao kitabu kile hakiandikwi kitu, na tarehe ya kifo haiwekwi mbele ya maneno matakatifu, tena ya kifo cha mume wa anayekisoma.

Siku mbili, Mama mdogo. Siku ya tatu Ba akaniita. Nikapiga magoti, akasema inuka, sakafu ina baridi. Akasema maandiko haya yalikaa midomoni mwa watu miaka maelfu, baba akimfundisha mwana, kabla mtu hajayaandika. "Sisi jina tunaloliheshimu tunalisema kwa mdomo. Lakini wewe kwenu mnaliandika, na umeliandika baada ya kuoga. Karatasi itavumilia." Akaweka kidole kwenye jina la mama. "Huyu Modesta, anatajwa siku gani?"

Nakuletea wewe swali lile lile. Anatajwa siku gani, Mama mdogo?

Odeta


Nansio
11 Septemba 2024

Odeta,

Nani alikupa ruhusa ya kuandika ndoa ya dada yangu? Na katika kitabu cha nani? Sisi ndio tuliomzaa na kumzika. Leo ndoa yake inakaa kwa watu wasiomjua, imefungwa kitambaa chekundu.

Na hao wanasema mtu akifa anazaliwa tena, sivyo? Nimemuuliza katekista wetu, amesema ndivyo. Basi nikienda mbinguni nitamkuta nani? Nitauliza Modesta yuko wapi, niambiwe amepita, ni mtoto wa mtu huko India?

Futa.

G.


Ilemela
4 Oktoba 2024

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Peni haifutiki. Nimekuwa nikiogopa kukuandikia, na kwangu kunyamaza ni ugonjwa, Bhavesh alitaka kunipeleka hospitali. Mgongo wako unaendeleaje? Nimempa Mhoja dawa ya kuchulia, Ba ameichemsha mwenyewe, inanuka vibaya ila inasaidia.

Nikujibu kwa mambo mawili.

La kwanza, kuzaliwa tena. Ba anasema roho, wanayoiita atma, haifi na haichakai, na matendo ya mtu, ndiyo karma, yanamfuata kama harufu ya moshi kwenye nguo mpaka siku atakapofunguliwa. Mimi sijasema naamini, bado nasali rozari yangu. Lakini Mama mdogo! Chenge alipozaliwa akalia siku tatu, nani alimwambia Bibi ajaribu majina ya waliokufa moja moja mpaka mtoto anyamaze? Na aliponyamaza kwenye jina la babu mzaa Bibi, nani hakumwona Bibi, mpaka anakufa, akimwita Chenge "baba" na kumpa kigoda akalie? Na Chenge akinyimwa nyama, Bibi analalamika, "Baba leo mmempa mifupa"? Na wewe, mwalimu wa dini shuleni, ulikuwa unamwamkia mwanao shikamoo! Tulicheka. Lakini hukuwahi kuogopa kwamba mbinguni utakosa babu.

La pili. Kila mwaka wana wiki mbili za kuwakumbuka wazazi waliotangulia. Juzi, siku ya mwisho, alfajiri ilipokwisha na jua limetoka, tulishuka wote ufukweni chini ya mawe. Bhavesh akaingia majini mpaka magotini, uso kusini, chombo cha shaba mkononi, maji na ufuta mweusi. Kwa kila jina anamimina maji yapite kwenye kiganja. Akamtaja baba yake, babu yake, baba wa babu. Kisha Ba akasema kwa sauti kutoka kwenye jiwe, "Na wa mke wako." Akageuka akanitazama. Kisanskriti kikamkwama, akavuta pumzi, akasema: Modesta, mke wa Alexander. Alexander, mume wa Modesta. Maji yakaanguka ziwani.

Mama amekufa nina miaka saba, baba hata simkumbuki. Sijawahi kuwasikia wametajwa pamoja kwa mpigo mmoja. Nilimpenda mume wangu pale mpaka nikaona nitazimia ndani ya ziwa.

Ba akaweka wali juu ya jiwe, ni wa kunguru, wanasema kunguru hupeleka kwa wazee. Kunguru hawakuja. Akaja korongo mmoja mwenye upara kama mzee wa baraza, akameza wali wote na jani lake. Bhavesh akaniangalia, mimi nikamwangalia Ba. Ba akasema, "Aliyekuja ndiye aliyealikwa."

Nilipokuwa darasa la pili nilikuuliza kwa nini mstari wa mama kwenye Biblia una kuzaliwa na kufa tu, katikati hakuna ndoa. Ulisema mlisahau. Nimekuamini miaka yote hii. Sasa ninakuomba mistari miwili, wake na wangu.

Odeta


Ilemela
28 Oktoba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mhoja anaapa alikukabidhi barua mkononi, na kwamba uliipokea, ukamshukuru, ukaingia ndani. Wiki tatu na siku mbili zimepita.

Alhamisi ni Diwali, sikukuu yao ya taa. Nyumba nzima tunapaka chokaa, Bhavesh ana nukta nyeupe puani na anazunguka nayo mjini kama afisa. Natengeneza visahani vya udongo vya taa pamoja na Ba. Nina furaha, sitakudanganya, nina furaha kama mtu aliyeokota. Lakini kila meli ikipiga honi nasimamisha mikono.

Niandikie hata kunigombeza.

Odeta


Nansio
4 Novemba 2024

Odeta mwanangu,

Marahaba zote ulizonilimbikizia. Dawa ya Ba nimeitumia, mbuzi wamehama jikoni wenyewe kwa harufu, na banda hatimaye limeezekwa kwa sababu walianza kulala kitandani kwa Chenge. Nimemwambia avumilie, yeye ni baba wa wote.

Juzi Jumamosi tuliwaombea marehemu. Kila mwaka napeleka majina yetu kwa padre kwenye karatasi. Kila mwaka naandika "Modesta binti Nathaniel". Miaka kumi na sita. Safari hii padre aliposoma nikalisikia lile "binti", nikaona aibu kanisani, kana kwamba dada yangu alikufa akiwa msichana wa nyumbani. Mke wa Alexander hajasomwa popote ila huko kwenu, ziwani, na Mhindi aliyekwama kwenye jina.

Hatukusahau, Odeta.

Babu yako alikuwa akisema, mimi naandika, maana mwandiko wangu ndio uliokuwa mzuri. Mama yako aliolewa na Msabato, na Babu alikuwa katekista. Wiki ile alikuja nyumbani amevaa kitenge kipya, akasimama mlangoni, hakukaribishwa kukaa. Biblia ilikuwa mezani imefunguliwa. Peni ilikuwa mkononi mwangu. Akasema, "Niandike, Getu." Nikamtazama baba, akatikisa kichwa. Nikaifunika peni.

Baba hakunishika mkono. Nilikuwa mwalimu wa watu, nina mshahara wangu. Ningeweza kuandika.

Kwa hiyo fundi wa jalada hakuwepo, na peni nzuri ninazo nne. Kama ningekuandika wewe uliyeolewa na Mhindi, ningeupitaje mstari wa juu yako, wa aliyeolewa na Msabato tu? Na kwenye kile kiti ulichoniwekea bomani ningekaa na uso upi? Hasira niliyokutumia mwezi wa tisa haikuwa yako. Iliniuma kwamba mgeni aliuliza dada yangu anatajwa siku gani, na mimi niliye wake sikuwahi kuuliza.

Jana baada ya misa nimeandika. "Modesta na Alexander, walioana 2000." Mwandiko si ule tena, lakini unasomeka. Chini yake nimeandika, "Odeta, ameolewa 24 Mei 2024, Mwanza, na", hapo nikaacha.

Naweza kunakili jina lake kwenye barua zako, umelijaza kila mahali kama pilipili. Sitaki. Katika nyumba yetu mtu aliwahi kungoja kuandikwa kwa mkono wa mwingine, akanyimwa. Huyu ataandika mwenyewe, mezani, amekaa.

Nakuja na meli ya Alhamisi asubuhi. Biblia naipakata mimi, Mhoja asiiguse. Ba asihangaike kupika, naleta mihogo, haina damu wala haijawahi kumlilia mtu. Nataka nikae naye, anioneshe hizo herufi, nami nina swali moja kuhusu yule shujaa: je, aliokota upinde siku ileile, au alichelewa kama mimi?

Mwambie Bhavesh aandike polepole, asiogope. Ukurasa ni wa zamani na feni za mjini zina nguvu. Nitamshikia.

Mama yako,
Getruda